Uliza Mwalimu: Anazijua herufi zote, mbona hasomi?

Shule hufunguliwa Januari. Ikifika Machi wazazi wameshakagua madaftari, na barua zinaanza kumiminika kwangu. Mwezi huu nimechagua sita. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na niliingia darasani kwa mlango wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1977, nikiwa na miaka 17 na kipande cha chaki. Watani walizifasiri herufi hizo kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Sikasiriki. Wiki ya kwanza niliandika a mpaka z ubaoni, nikawaambia watoto 60 waimbe, na nikadhani nimefundisha kusoma.

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka sita, anasoma shule ya Kiingereza ya kulipia. Anataja herufi zote, "ei, bii, sii" mpaka "zedi", hakosei hata moja. Juzi nimemwandikia neno "baba". Akasoma "bii-ei-bii-ei", kisha akanitazama kama aliyemaliza. Shangazi yake anasema nimtafutie tyusheni. Je, mtoto ana tatizo kichwani? — Mama wa Kimara, Dar es Salaam

Marahaba, mama. Kichwa cha mwanao kizima kabisa. Ulimwonyesha herufi nne, naye akakutajia majina yake manne, kama alivyofundishwa. Lakini jina la kitu si sauti yake. Ng'ombe anaitwa ng'ombe, ila hujawahi kumsikia akilia "ng'ombe". Na hiyo b, huko shuleni wanaiita "bii", sisi wa zamani tuliiita "be", lakini ukilisikiliza neno "baba" hamna "bii" wala "be" ndani yake. Kuna midomo iliyofungwa, ikafunguka kwa a.

Fanya hivi. Okota vifuniko vya soda kama kumi, uandike herufi juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Usianze na b. Anza na m, s, l na n, pamoja na irabu tano, kwa sababu sauti hizo zinavutika kama jojo. Weka m upande huu wa meza na a upande ule. Mwambie asukume m polepole kuelekea kwa a huku anavuta: mmmmm. Asiachie pumzi mpaka vigongane. Vikigongana, anasikia "ma" kwa masikio yake mwenyewe, na uso wake utauona. B, d na k haziwezi mchezo huo. Ukimlazimisha aseme b peke yake atasema "bu", na "bu" ukiiunganisha na "a" haikupi "ba" hata ukeshe. Hizo mfundishe baadaye, moja kwa moja na irabu yake, ba be bi bo bu.

Na kabla ya vifuniko, cheza na masikio. Mko jikoni, unamenya vitunguu: "Naona kitu kinaanza na sssss." Sufuria. Sabuni. Sahani. Sinia, akiwa mjanja. Hakuna karatasi wala kalamu hapo, lakini ndipo kusoma kunapoanzia. Mtoto wa miaka sita anakuja kwetu na maneno maelfu mdomoni, na hakuna aliyemkalisha kwenye dawati kumfundisha kusema. Maandishi ni kitu kingine: yana miaka 5,000 na ushee tu tangu watu wayabuni, na hakuna anayezaliwa nayo. Mtoto anachotakiwa kugundua ni kwamba vile vijichoro ni maneno yake yale yale anayogombania nayo pipi.

Sasa niseme la pili, linagusa ada yako kidogo. Mwanao anaanzishwa kusoma kwa lugha yenye tahajia ngumu kuliko nyingi. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni. Wa Ufini walisoma sawasawa maneno ya kawaida 98 kati ya 100. Wa Uskoti, wanaosoma kwa Kiingereza, walipata 34. Watoto wa Uskoti si wajinga. Kiingereza kilianza kuchapwa mitamboni huko Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda, matamshi yakaendelea na safari yake. Ile k ya "knife" zamani ilitamkwa. Leo imekaa pale mbele kama mgeni asiyeaga. Kifini, kama Kiswahili, sauti na herufi zinafuatana kwa karibu sana.

Kwa hiyo tyusheni hapana. Jioni robo saa, wewe na vifuniko vyako, kwa Kiswahili. Akishaijua siri ya kuunganisha sauti ataibeba mwenyewe mpaka kwenye Kiingereza. Kama baada ya miezi miwili mitatu bado hakuna kitu, usikimbilie kichwa, angalia masikio. Nimepata watoto walioitwa wazito kumbe sikio linatoa usaha tangu chekechea, na picha ya mahafali ya joho na kofia iko ukutani.

Mwalimu, nafundisha kwa kujitolea darasa la pili, kijijini mkoani Simiyu. Wanafunzi wangu wanasoma ukurasa mzima bila kukwama. Afisa elimu kata akija anapiga makofi. Lakini nikiuliza swali kuhusu walichosoma, kimya. Nyumbani kwao ni Kisukuma tupu. Nakosea wapi? — Mwalimu wa Kujitolea

Mdogo wangu, hukosei. Umeona kitu ambacho afisa hakukiona.

Mimi nilikisoma kitabu kizima hivyo hivyo. Nikiwa na miaka minane, Pangani, nilihitimu juzuu ya kwanza ya Kurani chuoni, yaani madrasa. Alifu, bee, tee, kisha fatha, kasra na dhumma, kisha sura moja baada ya nyingine, kwa sauti nzuri hata majirani wakinyamaza kusikiliza. Sikujua neno moja la Kiarabu. Kisomo kile kina heshima yake na thawabu zake, siwezi kukidharau, lakini kilinifundisha mapema kwamba ulimi unaweza kusoma na akili ikabaki imekaa nje.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kwa hesabu ambayo hata darasa la tatu wanaiweza. Walisema kusoma ni zao la vitu viwili: kufumbua maandishi, na kuielewa lugha yenyewe ukiisikia. Zao, yaani kuzidisha. Ingekuwa kujumlisha, mtoto anayefumbua vizuri angebaki na chochote. Kwa kuzidisha, mia mara sifuri ni sifuri. Watoto wako wana mia kwenye cha kwanza.

Nilihamishiwa huko Usukumani miaka ya themanini nikiwa na Kiswahili changu cha pwani, na mwezi wa kwanza tulikuwa tunatazamana tu. Siku moja msichana mmoja alisimama akasoma "Sungura amejificha kichakani", hakukosea hata kidogo. Nikamuuliza, sungura yuko wapi? Akatazama juu kwenye bati. Nikauliza darasa zima. Wote wakatazama juu, wakimtafuta sungura kwenye bati. Nikawatoa nje, nikaenda mpaka kwenye kichaka nyuma ya vyoo, nikachuchumaa ndani yake na gauni langu la kazi, nikasema, "Mwalimu amejificha kichakani." Walicheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Neno lile halikupotea tena, na kwa miaka yote niliyokaa pale niliitwa Mwalimu Kichaka.

Basi usifungue kitabu kwanza. Simulia hadithi kwa mdomo, kwa Kisukuma kama unakijua, kisha kwa Kiswahili, kwa mikono na miguu. Waulize maswali kabla hawajaona herufi yoyote. Waigize. Ukurasa uje mwisho, wakutane na maneno wanayoyafahamu. Kama wewe si Msukuma, ita bibi wa jirani au mwanafunzi wa darasa la sita akusaidie. Najua utaogopa: Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule zetu za msingi tangu 1967. Lakini sentensi mbili tatu za Kisukuma za kumsaidia mtoto aingie kwenye Kiswahili hazijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Wenzetu Kenya sera yao yenyewe inataka lugha ya eneo itumike madarasa ya chini.

Mjukuu wangu akisoma anafuata kwa kidole na anachezesha midomo. Baba yake anampiga vidole na rula. Nani kakosea? — Babu wa Songea

Rula. Kidole kinamshikia mstari, midomo inampa sauti, na vyote viwili vitajiondokea vikishamaliza kazi yake. Hata mimi nikisoma barua ya benki nachezesha midomo.

Shikamoo Mwalimu. Mama yangu ana miaka 61, hajawahi kukaa darasani. Tumemnunulia simu, sasa anataka asome ujumbe mwenyewe, kwa sababu wajukuu wakimsomea wanaruka sehemu. Nimeanza kumfundisha sauti kama ulivyoandika zamani. Namuuliza, "mama" inaanza na sauti gani? Anasema "ma". Nikimwambia tena, anasema "ma", hatimaye anakasirika na kusema ubongo umekauka. — Binti wa Lindi

Marahaba mwanangu, na mama yako mpelekee salamu zangu. Mwambie jibu lake "ma" ni jibu la mtu mwenye akili timamu.

Fanya jaribio dogo. Muulize kama utotoni alicheza kinyume, ule mchezo wa kugeuza maneno ili wakubwa wasielewe. Watu wengi wa pwani waliucheza. "Nyumba" inakuwa "mbanyu", "nyama" inakuwa "manya". Nina hakika atakutupia maneno kumi kabla hujameza mate. Sasa angalia alichofanya: amelikata neno vipande, amevigeuza, na hajui kusoma hata a. Silabi anazisikia vizuri sana. Asichokisikia ni kile kilichomo ndani ya silabi, kwa sababu kwenye kusema kwa kawaida m na a hazitengani, zinatoka zimekumbatiana.

Hili limepimwa. Mwaka 1979 watafiti, José Morais na wenzake, waliwachukua watu wazima wa Ureno, wa maisha yanayofanana. Wengine hawakujua kusoma kabisa, wengine walijifunza ukubwani. Wakaambiwa waondoe sauti ya kwanza ya neno au waongeze sauti mbele yake. Waliojifunza kusoma, hata kama ni ukubwani, wengi wao waliweza. Wasiojua kusoma, wengi wao walishindwa. Umri haukuwa kizuizi. Ni herufi yenyewe inayomfundisha mtu kusikia sauti ile. Kwa hiyo ulichomwomba mama ni matunda, na mti bado hujampandia.

Mimi nililiona kabla sijasikia habari za Ureno. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikaenea nchi nzima, chini ya miembe, kwenye magodauni, kwenye majumba ya jumuiya. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Ulipofanyika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 walikuwa wamebaki 39 kwa mia. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa hata sisi tuliokuwa tumemaliza la saba juzi tu. Nilikuwa na miaka 15 na darasa la ngumbaru jioni, watu wa umri wa baba zangu, taa ya chemli moja.

Alikuwamo mvuvi mmoja mzee, mfuma nyavu hodari. Kila nikimuuliza sauti ya kwanza ya "samaki" anasema "samaki". Samaki ni samaki, mwanangu, unamkata wapi? Nikakata tamaa ya kumuuliza. Nikawa naandika tu maneno ubaoni, moja chini ya jingine: samaki, sabuni, sahani, saa. Jioni moja alisimama, akaenda ubaoni bila kuitwa, akaweka kidole cheusi cha lami kwenye sa ya juu, akashuka nacho mpaka chini. "Kumbe hizi nyumba mlango wake mmoja," akasema. Siku chache baadaye nikaweka "si", "se" na "su" pembeni ya "sa". Alizitazama muda mrefu, midomo inacheza, halafu akatoa sauti kama ya nyoka, sssss, akacheka peke yake.

Kwa hiyo kwa mama yako, anza na silabi anazozisikia na maneno anayoyapenda, pamoja na majina ya wajukuu hao hao wanaoruka sehemu. Mpange ma, ta, ka, sa kwenye mstari mmoja, halafu ma, me, mi, mo, mu kwenye mwingine, umwache azitazame bila kumhoji. M ataifumania mwenyewe.

Mambo mawili ya nje ya darasa. Kwanza miwani ya kusomea, na maandishi ya simu uyakuze. Miaka 61 si macho ya kuhangaika na vijiherufi vya sisimizi. Pili, zungumza na wajukuu. Mtu anayejifunza kusoma anaunganisha sauti moja moja kwa uaminifu, sasa ukimwandikia "xaxa bibi, cjui km ntakuja" unamtega. Atasoma "ksaksa" na ataamini ubongo umekauka kweli. Waandike "sasa", waandike "sijui". Vidole havitakatika.

Tumebishana kibarazani. Mwenzangu adai Kiswahili huandikwa vile kinavyotamkwa, basi hakuna haja ya kukisikia kwanza. Mimi nasema la. Tuamue. — Msomaji wa Mombasa

Mwenzako ana robo tatu ya haki, wewe robo, lakini robo yako ni tamu zaidi.

Mwandikie "barabara". Njia ya magari, au sawasawa kabisa? Herufi ni zile zile nane, mkazo tu umehama, na mkazo hatuuandiki. Mwandikie "mbaya". Ukisema "mtu mbaya", hiyo m inasimama peke yake, silabi tatu: m-ba-ya. Ukisema "nyumba mbaya" ni silabi mbili, mba-ya. Nyinyi wa Mombasa "paa" wa porini mnampa pumzi ambayo "paa" la nyumba halina, na karatasi haionyeshi pumzi. Msomaji anayajua haya kwa sababu aliyasikia kabla hajayasoma. Mgeni aliyejifunza kwa kitabu utamtambua hapo hapo.

Na hayo ni maandishi ya Kilatini, ambayo ni mepesi. Marehemu babu yangu aliandikiwa barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Irabu za huko ni alama tatu, zetu ni tano, basi i na e zinagombea alama moja, u na o nyingine. Aghalabu herufi moja, ba, ilisimama kwa b, p na mb zote. Ndiyo maana babu hakuwa akisoma barua mara moja. Kwanza aliipitia kimya, akinung'unika, akiyapima maneno kwa sikio: hili "bata" au "pata"? Akishayapata ndipo anakohoa na kutusomea kwa sauti. Sisi watoto tulidhani ni madaha ya uzee.

Kwa kuwa unatoka Mombasa, nikuongezee la kubishania wiki ijayo. Mkutano wa 1928 ulioamua tahajia ya shule ifuate Kiunguja, lahaja ya Unguja, ulifanyika kwenu, Mombasa, na Kimvita, lahaja yenu, kikaachwa nyumbani kwake.

Mwanangu wa darasa la tatu anaandika "tafazali", "samani ya shilingi" na "amerara". Namchapa kila siku lakini harekebiki. Nifanyeje? — Baba Mwenye Uchungu, Mwanza

Baba, weka fimbo chini kwanza. Mtoto anaandika anachosikia, na anasikia vizuri. Kama nyumbani dh inatamkwa z, th inatamkwa s, na l na r zinabadilishana viti, kalamu yake inasema kweli. Fimbo haiendi sikioni. Mtengenezee sikio: msomee kwa sauti, "dhahabu" na "zawadi" moja baada ya nyingine, ulimi uonekane katikati ya meno, naye akuangalie mdomo. Mpe imla ya maneno matano kila jioni, yatamkwe polepole, na mtu anayeyatamka awe ana uhakika nayo.

Kuhusu mtu huyo, nitasema kwa heshima. Barua yako imesafishwa na mhariri kabla ya kuchapwa. Ile niliyopokea mimi ilianza hivi: "Hasante sana Mwarimu kwa hukurasa wako."